Tanuru Lililovuta Kusi

Tanuru la kwanza nililolijenga lilikuwa ndani ya kompyuta, nalo lilizimika.

Ulikuwa mradi wangu wa mwaka wa tatu wa uhandisi. Nilikuwa nimesoma mahali kwamba huko Samanalawewa, kusini mwa milima ya kati ya Sri Lanka, watu wa karne ya 7 hadi ya 11 waliyeyusha mawe ya chuma kwa nguvu ya upepo wa msimu, bila mivukuto. Upepo wenyewe ni kusi, huu huu wetu. Huanza kuvuma kusini mwa ikweta ukitoka kusini-mashariki, ukishavuka ikweta hupinda, na kati ya Juni na Septemba huipiga Sri Lanka ukitokea kusini-magharibi. Mimi nimekulia pwani, ambako kusi ndilo linaloamua nani atoke baharini na nani ashone nyavu. Kwamba liliwahi kuyeyusha chuma, hilo lilikuwa geni kwangu.

Nikachora boksi. Mbele niliweka mdomo wa bomba la udongo, katikati makaa na mawe ya chuma, juu uwazi wa kutokea moshi. Mdomoni nikaweka msukumo wa upepo wa mita 10 kwa sekunde, nikaiacha programu ikokotoe usiku kucha. Asubuhi nikakuta hewa inaingia kinyonge, inachoka katikati ya makaa, na haifiki nyuma. Nikaandika kurasa 40 zenye picha za rangi nyingi, na hitimisho lake likawa kwamba upepo peke yake hautoshi. Lazima watu hawa walikuwa na mivukuto, ila imeoza.

Hitimisho hilo lilikuwa na ndugu zake wakubwa. Kwa muda mrefu wanahistoria wa madini waliutazama upepo kama hatua ya kitoto, jambo la kujaribu kabla mtu hajapata mivukuto. Upepo hauna adabu, walisema: huja, huenda, hugeuka. Tanuru lisilotegemea mivukuto walilolielewa ni lile refu, kama malungu ya Wafipa kule kusini-magharibi mwa Tanzania, yaliyopita kimo cha mtu kwa mbali. Hapo hewa ya moto hupanda kama katika dohani, na ikipanda huvuta hewa baridi kutoka chini. Lakini matanuru ya Samanalawewa ni mafupi na mapana. Hayana dohani. Yamechimbwa ukingoni mwa miteremko, yote yakielekea magharibi.

Aliyeyafumbua ni Gillian Juleff, mwanaakiolojia, na hakwenda kutafuta upepo. Bonde la mto Walawe lilikuwa linajengewa bwawa la umeme, na eneo lile likapimwa kabla maji hayajapanda. Kilichomlaki ni malundo ya mavi ya chuma, kilima baada ya kilima, na mabaki ya matanuru ya aina hiyo moja zaidi ya 70. Idadi hiyo, na ule mwelekeo mmoja, ni vigumu kuviita bahati. Mwaka 1994 alijenga matanuru ya mfano huo huo kwenye mteremko, akangoja kusi lianze, akawasha. Kikatoka chuma, na ndani yake chuma cha pua chenye kaboni nyingi. Matokeo yalichapishwa mwaka 1996 katika jarida la Nature.

Ubishi wa kwamba haiwezekani uliishia hapo. Lililobaki ni swali la namna gani, na mimi nilikuwa nimelijibu vibaya.

Mtu yeyote aliyewahi kulala katika nyumba ya mabati usiku wa upepo mkali anajua nusu ya jibu. Bati haliingii ndani, huruka juu. Upepo unapogonga ukuta hewa husongamana pale mbele, kisha hupanda na kupita kwa kasi ukingoni, na nyuma ya ukingo huo huacha mgandamizo mdogo unaonyonya paa. Tanuru la Samanalawewa ni nyumba iliyokwisha kung'olewa paa. Ukuta wa mbele, wenye mabomba chini yake, hupokea msukumo. Ukingo wa ukuta huo huo hufanya mdomo wa juu wa tanuru unyonye. Hewa ndani ya makaa inasukumwa kwa mbele na kuvutwa kwa juu, na nguvu zote mbili zinatoka kwa upepo mmoja.

Mwaka 2005 Gavin Tabor, Molinari na Juleff walichapisha uigaji wa kompyuta wa tanuru hili, na ndilo andiko ambalo ningelisoma kabla ya kuchora boksi langu. Milinganyo ya mtiririko tunayo tangu Claude-Louis Navier, 1822, na George Stokes, 1845, lakini kwa umbo kama hili huwezi kuitatua kwa kalamu. Kompyuta hugawa hewa katika vijichumba vingi na kuuliza kila kimoja kinapokea nini kutoka kwa jirani. Siri iko kwenye mpaka wa hesabu. Wao waliweka ndani ya hesabu mteremko wa kilima na upepo unaopita juu yake. Mimi niliishia kwenye kuta za tanuru. Mdomo wangu wa juu ulitazama hewa iliyotulia, kana kwamba kusi limekuja kuingia kwenye bomba tu na kukoma hapo.

Nguvu yenyewe ni ndogo kuliko mtu anavyodhani. Upepo wa mita 10 kwa sekunde ukisimamishwa na ukuta hutoa kama paskali 60, yaani uzito wa maji ya kina cha milimita 6. Katika hesabu ya namna hiyo, mnyonyo wa juu ukiuacha nje umetupa sehemu kubwa ya mtaji. Tena msukumo hukua kwa mraba wa kasi: upepo ukipungua nusu, unabaki na robo. Ndiyo maana mahali na mwezi vilikuwa sehemu ya tanuru sawa na udongo wake. Waliochagua kingo zile walikuwa wamelipima kusi, hata kama hawakuacha maandishi. Katika karne ya 9 al-Kindi, akiandika huko Iraki kuhusu panga, aliitaja Sarandibu, yaani Sri Lanka, miongoni mwa mahali chuma cha pua kilikotoka.

Baada ya kuhitimu nilirudia uigaji. Nikapanua boksi hadi likameza kilima, nikaacha upepo upite juu. Nyuma ya ukingo wa ukuta wa mbele kikatokea kiraka cha buluu, rangi ya mgandamizo mdogo, na mishale ya hewa ndani ya makaa ikarefuka hadi ukuta wa nyuma. Nikapunguza kimo cha ukuta, kiraka kikafifia. Nikaurudisha, kikarudi.

Nilimpelekea picha mhadhiri aliyenisahihisha. Akazitazama kwa muda, akaniuliza mteremko una nyuzi ngapi. Alama hazikubadilika.