Kiolezo cha OpenMRS, kutoka Eldoret hadi Wadi za Isiolo

OpenMRS, mfumo huria wa kutunza rekodi za wagonjwa, una asili yake Kenya. Mwaka 2001 kituo cha afya cha Mosoriot, karibu na Eldoret, kilianza kutumia mfumo wa Microsoft Access uliotokana na ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi na kile cha Indiana. Matibabu ya virusi vya ukimwi yalipopanuka, mfumo huo ukaelemewa. Madaktari Burke Mamlin na Paul Biondich walifika Eldoret mwaka 2004, wakaanza kuusanifu upya, na Februari 2006 OpenMRS ikaanza kazi huko.

Kwa kuwa kliniki hazifanani, kiini cha mfumo kiliachwa kiwe kidogo ili kila nchi iongeze moduli zake, yaani vipande vya programu vya nyongeza. Kuanzisha moduli, hata hivyo, kulichosha. Kabla ya kuandika lolote la maana, msanidi alinakili moduli ya mfano na kubadilisha majina katika faili moja baada ya nyingine. Jina likisahaulika mahali, moduli hugoma kupakiwa.

Nafuu ilitoka kwa Maven, chombo cha kujengea programu za Java, ambacho kina violezo vyenye nafasi za majina zinazojazwa mradi unapozaliwa. Juu yake OpenMRS ikajenga vifaa vyake vya amri. Msanidi anapoandika mvn openmrs-sdk:create-project, huulizwa aina ya moduli, kitambulisho, jina na maelezo, kisha hupata folda ya api ya mantiki, folda ya omod ya kurasa, na faili za usanidi zikiwa zimejazwa. Amri nyingine huandaa seva nzima kwa kufuata faili inayoorodhesha moduli na matoleo yake. Faili hiyo ndiyo yenye uzito zaidi, maana ndiyo inayoiwezesha nchi kuwa na OpenMRS ya kwake.

Kenya ilipata ya kwake, KenyaEMR, kuanzia 2012, kupitia Wizara ya Afya na taasisi ya I-TECH ya Chuo Kikuu cha Washington. Ugumu wa kuuoanisha mfumo na mazingira ya nchi unaonekana vizuri kwenye anwani. Fomu ya Marekani hutaka mtaa, jimbo na msimbo wa posta, mambo yasiyomsaidia mhudumu anayemtafuta mgonjwa wa Bulla Pesa, huko Isiolo, aliyekosa dawa. Yeye anahitaji kijiji na alama ya karibu, kama msikiti au duka. Tena utawala wenyewe ulibadilika: chini ya Katiba ya 2010 mikoa iliondoka, kaunti zikaanza kazi 2013, Isiolo ikawa kaunti na Bulla Pesa wadi ya eneo bunge la Isiolo Kaskazini. Kwa bahati njema, mpangilio wa anwani katika OpenMRS ni kiolezo kifupi cha XML kilichomo kwenye mipangilio, na msimamizi hukibadilisha bila kugusa hata mstari mmoja wa Java.