Kwani Kitambulisho Changu ni Feki?

Shangazi aliniuliza swali hilo kwa sauti ya chini, kama mtu aliyesimamishwa na polisi. Alikuwa akijaza fomu ya chama chake kwenye simu, na fomu yenyewe niliitengeneza mimi. Maandishi mekundu yalimwambia: "Nambari ya kitambulisho si halali." Kosa lake? Aliacha nafasi katikati ya tarakimu. Basi.

Niliona aibu, bana. Mimi nilitaka kusema kompyuta haijaelewa. Yeye alisoma kwamba serikali imemkana.

Na hakusoma vibaya. Sheria ya kuwasajili Waafrika ilipitishwa mwaka 1915, ikaanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwanamume aliyefikisha miaka 16 alibeba kipande: karatasi yenye alama za vidole na rekodi ya mwajiri, ndani ya kikebe cha chuma kilichoning'inia shingoni. Ukipatikana bila hicho, ni faini au jela. Babu yangu alikivaa. Wanawake nao hawakupewa vitambulisho mpaka mwishoni mwa miaka ya 1970, na Shangazi alikuwa kati ya wale wa mwanzo kupanga foleni. Kwa watu kama hawa, "si halali" si lugha ya kompyuta. Ni lugha ya askari.

Lakini pia kuna vile sisi waandishi wa programu tulivyozoea kufanya kazi. Ruby on Rails ilipopata mfumo wake wa tafsiri katika toleo la 2.2, mwaka 2008, ujumbe wa kosa uliungwa kwa sehemu mbili: jina la kisanduku, halafu kosa lenyewe. Kwa Kiingereza hiyo ni poa, kwa sababu sehemu ya pili haibadiliki. Kiswahili kina ngeli. Jina linahitajika, kitambulisho kinahitajika, nambari inahitajika. Ukitafsiri mara moja tu, unapata "kitambulisho inahitajika". Sawa, Nairobi tunaongea hivyo kila siku, lakini fomu inayouliza mambo mazito ikiongea hivyo, mtu anashuku ni matapeli.

Ndiyo maana wengi wetu hukimbilia "si halali" na "si sahihi": hayabadiliki na ngeli yoyote, kwa hivyo yanabandikwa popote. Nilichagua neno lililonirahisishia kazi, mzigo ukamwangukia Shangazi.

Usiku huo nilifuta zote. Kila kisanduku kikapata sentensi yake kamili, inayosema la kufanya: "Andika nambari ya kitambulisho bila kuacha nafasi." Halafu nikajiuliza, kwani kompyuta haiwezi kuziondoa nafasi hizo yenyewe? Inaweza. Ni mstari mmoja tu wa msimbo.

Siku hizi Shangazi akiacha nafasi, fomu inapita kimya. Hakuna anayemuuliza yeye ni nani.