Kabla ya Penalti

Kila mara mchezo wa kombe ukiisha sare hapa Butembo au kule Beni, vijana hutuuliza: Je, timu yaweza kukataa penalti? Yaweza, mradi ikubali na kulikosa kombe. Lakini zamani timu moja ilikataa jambo lingine lililotangulia penalti, nasi Wakongo tulikuwamo.

TP Englebert ya Lubumbashi, ndiyo TP Mazembe ya leo, ilianzishwa na mapadre Wabenedikto mwaka 1939. Mwaka 1967 ilifika fainali ya kombe la vilabu vya Afrika pamoja na Asante Kotoko ya Ghana. Kumasi walitoka 1-1, Kinshasa 2-2. Siku zile sheria haikujua bado penalti za kuvunja sare. Ikatakiwa mshindi apatikane kwa kura, nao Kotoko wakakataa.

Tusiwahukumu upesi. Mtu amecheza michezo miwili kwa jasho lake, kisha kazi yote iamuliwe na kura isiyojua nani alijitahidi? Basi ukapangwa mchezo wa tatu huko Yaoundé, mwezi wa Desemba. Kotoko hawakufika, husimuliwa kwamba wakuu wa mpira wa kwao hawakuwapasha habari. Kombe likawa la Englebert. Twakiri, ushindi wa namna hiyo si mtamu kuusimulia.

Hata Ulaya kura iliwaudhi watu: mwaka 1968, huko Napoli, Italia iliwatoa Wasovieti kwa kurusha sarafu tu. Mwezi wa Juni 1970 penalti zikaingia katika sheria. Wako wasemao kwamba penalti nazo ni bahati nasibu. Sisi hatusadiki. Sarafu haiogopi, lakini mpigaji huogopa, na hapo ndipo mtu hupimwa. Tarehe 28 Januari 2024, huko San-Pédro, Kongo na Misri walitoka 1-1, penalti zikaendelea hata zikawafikia walinda lango wenyewe. Yule wa Misri akagonga mwamba. Lionel Mpasi wetu akafunga, ikawa 8-7.

Na Kotoko je? Walikutana tena na Englebert katika fainali ya kombe la 1970. Kumasi ikawa 1-1 kama zamani. Kinshasa, Januari 1971, Kotoko wakashinda 2-1, bila kura wala penalti.