Utawala Usio na Kitovu: Kwa Nini "Ugatuzi" Haufai katika Blokcheni

Maandishi mengi ya Kiswahili kuhusu blokcheni, yaani mitandao ya kompyuta nyingi zinazotunza kwa pamoja daftari moja la miamala, huitaja sifa kuu ya mitandao hiyo kwa neno "ugatuzi". Neno hili lina heshima yake. Kenya imelizoea tangu Katiba ya 2010 ilipounda kaunti 47, na Tanzania husema ugatuaji wa madaraka pale halmashauri zinapokabidhiwa kazi zilizokuwa za wizara. Mfasiri anayekutana na dhana ya madaraka yasiyokaa mahali pamoja hulikuta neno hilo limeshaiva. Mimi namshauri aliache, kwa sababu linampotosha msomaji katika jambo linalomgusa mwenyewe, nalo ni faragha yake.

Ugatuzi una mtoaji. Ipo serikali kuu yenye madaraka, inayapunguza kwa sheria na kuyashusha chini, nayo ndiyo inayoweka mipaka yake. Mtoaji huyo anaweza pia kupokonya. Mwaka 1972 Tanzania ilianzisha mpango uliojulikana kama Madaraka Mikoani. Kwa jina ulikuwa wa kuwapa wananchi madaraka. Kwa vitendo halmashauri zilizochaguliwa zilifutwa, na maofisa wa serikali kuu wakaenda mikoani na wilayani kushika kazi zake. Serikali za mitaa zilirudi baada ya sheria mpya za 1982. Halmashauri iliyofutwa haikuwa na njia ya kusema: sisi tunaendelea.

Katika blokcheni njia hiyo ipo. Satoshi Nakamoto, lakabu ya mtu au watu ambao hadi leo hawajajulikana, alitoa maelezo ya Bitcoin tarehe 31 Oktoba 2008, na mtandao ukaanza kazi Januari 2009. Kila kompyuta inayoshiriki kikamilifu huhifadhi nakala yake ya daftari la miamala na kukagua kila bloku mpya kwa kanuni zilezile. Bloku inayovunja kanuni hukataliwa, hata ikitoka kwa mshiriki mkubwa kiasi gani. Hakuna makao makuu yaliyoshusha mamlaka haya kwa yeyote. Nguvu ya mpangilio huu ilionekana katika mtandao wa Ethereum mwaka 2016. Tarehe 17 Juni mshambuliaji alianza kuchota fedha za mfuko wa pamoja ulioitwa The DAO, akahamisha sarafu za ether milioni 3.6 hivi. Walio wengi waliamua kubadili kanuni ili fedha zirudi, na mabadiliko yakafanyika tarehe 20 Julai. Waliokataa waliendelea na daftari la zamani bila kuomba ruhusa ya mtu, na mtandao wao, Ethereum Classic, upo mpaka leo.

Kwa hiyo napendekeza "utawala usio na kitovu". Kitovu mtoto wa shule anakijua: kitovu cha duara, kitovu cha tetemeko, mahali ambapo nguvu huanzia. "Utawala" nao ni bora kuliko "uongozi", kwa kuwa uongozi humtazama mtu anayeongoza, ilhali hapa tunataja utaratibu wa kuamua na kubadili kanuni. Urefu wa istilahi hii unavumilika, kwa sababu inambebesha msomaji swali analopaswa kuuliza kila anapoalikwa kujiunga na mtandao wa aina hii: je, ni kweli kitovu hakipo?

Swali hilo ndilo linaloufunga utawala na faragha pamoja. Pasipo mtu mmoja wa kuaminiwa, lazima kila mshiriki aweze kukagua. Na ili wote wakague, lazima wote waone. Kikundi cha VICOBA, cha kuweka akiba na kukopeshana, kinalijua hili: sanduku lina kufuli tatu, funguo zinashikwa na wanachama watatu, hufunguliwa mbele ya kikao, na kila mtu anasikia mwenzake ameweka hisa ngapi. Uwazi huo unalinda fedha bila kumvunjia mtu heshima, maana waliopo ni watu wanaojuana na waliokubaliana. Bitcoin imechukua uwazi wa namna hiyo ikauweka mbele ya dunia nzima, bila tarehe ya mwisho.

Kinga iliyobaki kwa mtumiaji ni lakabu. Muamala wa Bitcoin hauandikwi jina. Huandikwa anwani, yaani mfuatano wa herufi na tarakimu. Wengi hudhani hiyo ni faragha. Lakini lakabu hufunuka siku moja tu inapounganishwa na jina, kwa mfano mtu anapobadili sarafu zake kwenye soko linalotaka kitambulisho, na kuanzia hapo miamala yake ya nyuma na ya mbele inaweza kufuatwa. Mwaka 2016 karibu bitcoin 120,000 ziliibwa katika soko la Bitfinex. Februari 2022 serikali ya Marekani ilitangaza kukamata zaidi ya 94,000 kati ya hizo, baada ya wapelelezi kuufuata mkondo wake katika daftari lililo wazi kwa kila mtu. Katika kesi ya wizi tunashangilia. Ila daftari halitofautishi mwizi na mwalimu anayepokea mshahara, wala mwanaharakati anayepokea mchango katika nchi inayomwinda.

Hapa Kiswahili kinatusaidia sana, kwa kuwa kina "siri" na kina "faragha", na havilingani. Siri ni jambo lililofichwa. Faragha ni hali ya mtu kuwa na nafasi yake na kuamua mwenyewe nani aingie. Mtandao wa Zcash, ulioanza tarehe 28 Oktoba 2016, ulijengwa juu ya tofauti hiyo. Una anwani za wazi, na una za faragha ambazo mtumaji, mpokeaji na kiasi huwa havionekani. Mtandao hukagua kwa njia ya kihisabati ambayo ningeiita "uthibitisho usiofichua": kompyuta inahakikishiwa kwamba mtumaji anazo sarafu, hajazitumia mara mbili, na hesabu inalingana, bila kuonyeshwa hesabu yenyewe. Mwenye akaunti anaweza pia kumpa mkaguzi au ofisi ya kodi "ufunguo wa kutazama", unaoonyesha miamala bila kuruhusu kutumia fedha. Huo ndio mlango wa faragha, unaofunguliwa na mwenye nyumba.

Lakini Zcash pia ndiyo inayotuonyesha gharama. Katika Bitcoin mtu yeyote anaweza kujumlisha sarafu zote zilizopo. Katika sehemu ya faragha ya Zcash hilo haliwezekani, maana viasi havionekani. Tarehe 1 Machi 2018 Ariel Gabizon, mtaalamu wa kampuni iliyoanzisha mtandao huo, aligundua hitilafu katika hisabati ya mfumo. Aliyeijua angeweza kutengeneza sarafu bandia, na bandia hizo zisingetambulika. Watu wachache sana waliambiwa. Marekebisho yaliingizwa kimyakimya ndani ya toleo jipya lililoanza kazi tarehe 28 Oktoba 2018, na umma ulitangaziwa Februari 2019, kampuni ikisema haikuona dalili kwamba hitilafu ilikuwa imetumiwa.

Naamini walifanya sawa. Kutangaza mapema kungewapa wezi maelekezo. Hata hivyo tukiite kwa jina lake: kwa miezi minane mtandao huo ulikuwa na kitovu, nacho kilikuwa kikundi kidogo cha watu wenye siri moja. Chanzo kilikuwa faragha yenyewe, kwa kuwa pale umma usipoweza kuona, ukaguzi huangukia kwa wanaoielewa hisabati kwa undani, na hao huwa ni wachache popote duniani. Hata kuzaliwa kwa Zcash kulipitia mikono michache. Mwaka 2016 watu sita, kila mmoja mahali pake, walitengeneza vipande vya namba za kuanzishia mfumo, kisha ikawapasa kuviharibu. Iwapo wote sita wangevihifadhi na kuviunganisha, wangeweza kubuni sarafu. Mmoja wao, aliyetumia lakabu John Dobbertin, alikuja kujulikana mwaka 2022 kuwa ni Edward Snowden, mfichuaji wa siri za ujasusi wa Marekani. Mei mwaka huohuo mtandao ulianza kutumia mbinu mpya isiyohitaji vipande vya aina hiyo. Kazi hiyo ya kupunguza idadi ya watu wa kuaminiwa, mwaka baada ya mwaka, ndiyo maana halisi ya kuondoa kitovu, na haiishi siku mtandao unapozinduliwa.

Upande wa kura ndio unaonisumbua zaidi. Sisi tumelelewa na kura ya siri. Hata chama cha ushirika kijijini kinajua thamani yake. Jumuiya nyingi za blokcheni huamua kwa kura za sarafu: mwenye sarafu nyingi ana kura nyingi, na kwa kawaida kila kura huandikwa wazi pamoja na anwani ya aliyeipiga. Anayetaka kununua kura haoni ugumu, kwa sababu muuzaji ana ushahidi wa kumwonyesha. Anayetaka kulipiza kisasi naye anaona. Na mwenye sarafu kidogo akijua kwamba kura yake haizidi tone, hukaa kando, na maamuzi yanabaki kwa wachache.

Tornado Cash, huduma ya Ethereum iliyochanganya miamala ili kukata mkondo kati ya mtumaji na mpokeaji, inaonyesha jinsi utawala wa kura za sarafu unavyoweza kutekwa. Tarehe 20 Mei 2023 mtu alipeleka pendekezo la kubadili kanuni akidai linafanana na lililokwisha kupitishwa. Ndani yake alificha maagizo mengine. Lilipopita, alijipatia kura milioni 1.2, nyingi kuliko kura halali zote, na utawala ukawa wake, hadi yeye mwenyewe alipopeleka pendekezo la kuurudisha. Kabla ya hapo, tarehe 8 Agosti 2022, Wizara ya Fedha ya Marekani ilikuwa imeiwekea huduma hiyo vikwazo, ikisema imetumiwa na wezi wakiwemo wadukuzi wa Korea Kaskazini. Novemba 2024 mahakama ya rufaa nchini humo iliamua kwamba programu zisizoweza kubadilishwa na mtu yeyote si mali ya yeyote, hivyo vikwazo hivyo havikuwa na msingi wa kisheria juu yake. Viliondolewa Machi 2025. Uholanzi ilifikia uamuzi tofauti: Mei 2024 mahakama ilimhukumu Alexey Pertsev, mmoja wa watengenezaji, kifungo cha miezi 64 kwa utakatishaji wa fedha. Mahakama mbili ziliulizwa, kwa lugha ya sheria, kama kitovu kipo, na kila moja ilikitafuta mahali pake: moja katika programu, nyingine kwa mtu.

Swali hilo limeshafika kwetu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya 2022 huwabebesha wajibu "mkusanyaji" na "mchakataji". Ya Kenya ya 2019 ina mpangilio wa namna hiyo. Mwaka 2023 Wakenya walipanga foleni kupigwa picha za mboni za macho na mradi wa Worldcoin, wakapewa sarafu za kidijitali. Serikali ilisimamisha zoezi hilo mwezi Agosti, na tarehe 5 Mei 2025 Mahakama Kuu ya Nairobi, katika shauri lililofunguliwa na Katiba Institute, iliamuru data hizo zifutwe ndani ya siku saba. Amri ilikuwa na wa kupokea, kwa sababu nyuma ya lugha ya mtandao wa watu wote kulikuwa na taasisi zilizokusanya. Pale ambapo kitovu hakipo kweli, raia anayetaka taarifa zake zifutwe hana wa kumwandikia barua, na daftari halifutiki. Ulinzi wake lazima uwe umejengwa ndani ya mfumo kabla hajaweka jina lake humo.

Nawasihi wafasiri, wahariri na walimu wa kompyuta waliachie neno ugatuzi kaunti na halmashauri, ambako mtoaji wa madaraka anajulikana na anaweza kushtakiwa. Kwa blokcheni tuandike "utawala usio na kitovu", na tuiandike istilahi hiyo pale tu tulipokwisha kuuliza nani anaweza kubadili kanuni, nani anaona kura, na nani atawajibika taarifa za mtu zikivuja. Kampuni ikishindwa kujibu maswali hayo, tuandike kwamba imeshindwa.