Wanakemia wa Mkwawa: historia fupi ya chuo cha Iringa

Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa, MUCE kwa kifupi chake, kilianzishwa mwaka 2005 chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Miaka 20 ni umri mdogo kwa chuo kikuu. Lakini majengo yake ya kwanza yalisimama hapo kabla ya uhuru, na kazi ya kumfundisha mtu sayansi ili naye akafundishe wenzake ilianza Iringa muda mrefu kabla ya shahada ya kwanza kutolewa. Makala haya yanafuata uzi mmoja tu wa historia hiyo: watu waliosoma kemia Mkwawa, na maisha ya kazi waliyoyapata.

Mwanzo wenyewe haukuwa wa watu wa hapa. Mwishoni mwa miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ilifungua shule ya bweni ya watoto wa Kizungu iliyoitwa St. Michael's and St. George's. Waliosoma humo walikuwa watoto wa walowezi na wa maofisa. Mtoto wa Kihehe aliyezaliwa kilima cha pili hakuwa na dawati. Miaka michache nyuma, Juni 1954, Gavana Edward Twining alikuwa amekabidhi Kalenga fuvu la Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyelivunja jeshi la Wajerumani la Emil von Zelewski pale Lugalo mwezi Agosti 1891, kisha mwaka 1898 akajiua ili asitiwe mikononi mwao. Uhuru ulipopatikana, shule za kibaguzi zikafutwa nchini, na shule ile ya Iringa ikafunguliwa kwa watoto wote na kupewa jina la Mkwawa. Katika majina yote yaliyobadilishwa baada ya 1961, mimi sijui lililostahili zaidi.

Mkwawa ikawa shule ya kidato cha tano na cha sita, yenye sifa hasa katika masomo ya sayansi. Baadaye pakawepo pia mafunzo ya stashahada ya ualimu, kwa sababu nchi ilikuwa ikipanua elimu huku walimu wa fizikia, kemia na hisabati wakiwa haba. Kijana aliweza kumaliza kidato cha sita, akabaki Mkwawa kusomea ualimu, kisha akapangiwa shule mkoa wa mbali ambako pengine angekuwa mwalimu wa kemia peke yake.

Ndivyo ilivyokuwa kwa mhitimu wake anayejulikana kuliko wote. John Pombe Magufuli alifika Mkwawa mwaka 1979 akitokea Kanda ya Ziwa, akamaliza kidato cha sita 1981, na mwaka huo huo akaingia chuo cha ualimu cha hapo hapo kwa stashahada ya sayansi, masomo yake yakiwa kemia na hisabati. Mwaka 1982 akaenda kufundisha Sekondari ya Sengerema. Baadaye alisoma shahada ya kwanza Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akahitimu 1988 kwa masomo yale yale mawili. Kuanzia 1989 hadi 1995 alikuwa mkemia wa viwanda wa Nyanza, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa pamba kule Mwanza, na katikati ya kazi hiyo akapata shahada ya uzamili, mwaka 1994. Mwaka 1995 akawa mbunge, kisha naibu waziri, kisha waziri, na Novemba 2015 akaapishwa kuwa Rais. Alifariki Machi 2021 akiwa madarakani.

Watu wanamkumbuka kwa barabara, kwa ukali na kwa siasa zake, na kila mmoja ana maoni yake. Wachache wanakumbuka alichokiandikia shahada ya uzamivu aliyoipata Dar es Salaam mwaka 2009, akiwa tayari waziri. Alishughulikia kutu: jinsi ya kuikinga metali isiliwe kwa kutumia asidi inayotoka kwenye ganda la korosho. Somo hilo linastahili kuelezwa taratibu, kwa sababu ndilo tawi la kemia linaloigusa Tanzania kila mvua inaponyesha.

Chuma hakiozi kama ubao. Kinapolowa, uso wake hugawanyika katika sehemu ndogo ndogo zinazofanya kazi kama betri: mahali pamoja atomu za chuma huachia elektroni na kuingia kwenye maji, mahali pengine oksijeni huzipokea elektroni hizo, na umeme mdogo hupita kati ya pande hizo mbili bila mtu kuuona. Kutu nyekundu ndiyo mabaki ya betri hiyo. Ukitaka kuizima, uzuie maji na oksijeni visikifikie chuma, au uukate mkondo wenyewe. Wanawake wanaobangua korosho Mtwara na Lindi wanayajua mafuta meusi ya ganda lake, maana yanababua vidole. Ndani yake mna asidi ya anakadi. Molekuli yake ina kichwa kinachopenda kushika metali na mkia mrefu unaokimbia maji. Molekuli hizo zikijipanga zenyewe moja kando ya nyingine juu ya uso wa metali, vichwa chini na mikia juu, zinafanya tabaka jembamba mno, la unene wa molekuli moja, ambalo maji hupata taabu kulipenya. Na kwa kuwa korosho nyingi za Tanzania zimekuwa zikisafirishwa nje zikiwa ghafi, ganda na mafuta yake huondoka pamoja nazo. Utafiti wa namna hii ulihoji biashara hiyo kwa lugha ya kemia.

Magufuli hakuwa peke yake katika njia hiyo. Idara ya Kemia ya Mlimani imekuwa na watafiti wa kutu kwa miaka mingi. Profesa Joseph Buchweishaija na wenzake walichunguza hata utomvu wa miti ya jamii ya migunga kama dawa ya kupunguza ulikaji wa chuma. Baadaye naye akawa Katibu Mkuu katika wizara ya viwanda. Kemia ya umeme imekuwa na mkono mrefu serikalini kuliko watu wanavyodhani.

Tukitupa macho mbali kidogo, Chuo Kikuu cha Moscow kilikuwa na idara nzima ya kemia ya umeme, iliyoanzishwa mwaka 1933 na kuongozwa na Alexander Frumkin hadi alipofariki 1976. Katika Muungano wa Kisovieti mhitimu alipangiwa kituo na serikali, na akatakiwa kukitumikia kwa miaka kadhaa kabla ya kujiamulia. Mtanzania wa miaka ile asingeshangazwa na utaratibu huo, kwa kuwa hata huku mwalimu alisubiri barua ya wizara na kufunga begi lake. Tofauti ilikuwa kule aendako. Mwanafunzi wa Frumkin aliweza kupelekwa kwenye kiwanda cha betri au cha alumini, au kwenye taasisi ya utafiti. Wa kwetu alipelekwa darasani, kwa sababu viwanda vilikuwa vichache na madarasa yalikuwa mengi.

Madarasa hayo yakaja kuwa mengi zaidi. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, MMES, ulianza 2004, na kila kata ikaambiwa ijenge sekondari yake. Mwaka huo nchi ilikuwa na shule za sekondari 1,291. Mwaka 2009 zilikuwa 4,102. Wananchi walichanga, wakabeba mawe na kufyatua matofali, majengo yakasimama. Mwalimu hafyatuliwi hivyo. Serikali ikawachukua wahitimu wa kidato cha sita, ikawapa mafunzo ya wiki chache na leseni ya kufundisha. Mtaani wakaitwa “voda fasta”, jina la kuumiza kwa vijana waliojitolea kwa moyo. Kwa suluhisho la kudumu, mwaka 2005 vilianzishwa vyuo vikuu vishiriki viwili, cha Chang'ombe jijini Dar es Salaam na cha Mkwawa. Shule ya sekondari ya Mkwawa ikafikia mwisho wake, na mabweni yake yakapokea wanafunzi wa shahada.

Tangu hapo mhitimu wa kemia wa Mkwawa ametoka na masomo mawili ya kufundishia: kemia na baiolojia, kemia na hisabati, au fizikia na kemia. Kituo chake cha kwanza, mara nyingi, ni shule ya kata isiyo na maabara ya maana. Hapo ndipo elimu yake hupimwa. Mwalimu anayeijua kemia hasubiri shehena ya vifaa. Huchukua betri kubwa za redio zilizokwisha, akazipasua na kuchomoa vijiti vyeusi vya kaboni vilivyo katikati, akavikwangua na kuviosha. Huyeyusha mrututu, ule wa buluu ambao wakulima wa kahawa wa Mbozi wanaujua kama dawa ya magonjwa ya majani, ndani ya glasi ya maji. Hupanga betri tatu nne nzima mfululizo, akaunga waya, akatumbukiza vijiti viwili visigusane. Baada ya dakika chache kijiti cha upande hasi huanza kuvaa shaba, nyekundu kabisa, na kwenye kile kingine vipovu vya oksijeni hupanda kimoja kimoja. Ukiiacha kwa muda mrefu, buluu ya maji hupauka. Darasa zima husimama na viti vikasukumwa nyuma. Kisha mwalimu huwaonyesha bati la paa lililokwaruzwa na kuwauliza kwa nini halijashika kutu pale penye mkwaruzo, na hapo huingia habari ya zinki inayokubali kuliwa kwanza ili chuma kibaki.

Ninaandika hivi kwa sababu katika hotuba za mahafali husifiwa zaidi waliofika juu. Wapo kweli, na wapo pia waliotoka nje ya ualimu, maana Nyanda za Juu Kusini zina kazi za kemia: karatasi za Mgololo, pareto ya Mafinga, maziwa ya Iringa mjini, maji ya bomba yanayopaswa kupimwa kila siku. Lakini sehemu kubwa ya wanakemia wa Mkwawa wapo mbele ya ubao, na ninaamini bila kusita kwamba hiyo ndiyo kazi kubwa kuliko zote chuo kilizofanya.

Mambo hayakuwa mepesi kwao. Serikali iliibana kila kata ikamilishe vyumba vitatu vya maabara kabla ya mwisho wa 2014, na vingi vilipata kuta kabla ya kupata kemikali. Mwaka 2016 ajira mpya zilisitishwa kupisha uhakiki wa watumishi, na Rais aliyekuwa madarakani ni yule yule mwalimu wa kemia wa Sengerema. Milango ilipoanza kufunguliwa, walimu wa sayansi na hisabati waliitwa mapema kuliko wa sanaa. Leo hakuna barua inayomfuata mhitimu: anaomba mwenyewe mtandaoni, anakesha kusubiri mkeka wa majina, na wengine hujitolea shuleni kwa posho ndogo ya wazazi huku umri ukienda. Nchi inasema haina walimu wa kemia wa kutosha, na walimu wa kemia wapo nyumbani. Hilo linaumiza, na haliwezi kuachwa nje ya historia hii.

Kwa miaka 20 ijayo nina ombi moja kwa Idara ya Kemia ya Mkwawa: ifungue daftari la wahitimu wake, na kwa kila mmoja iandike shule aliyofundisha, mwaka aliofika, kama palikuwa na maabara, na wanafunzi wake wangapi walikwenda kusoma sayansi. Waingizwe pia wenye stashahada wa mwanzoni mwa miaka ya 1980, ambao wengi wao wamekwisha kustaafu na bado wanakumbuka majina ya wanafunzi wao.