Eldoret: Uandikishaji wa wanafunzi katika shule za umma

Eldoret, makao makuu ya Kaunti ya Uasin Gishu, ulipandishwa hadhi kuwa jiji mnamo Agosti 15, 2024, likiwa la tano nchini baada ya Nairobi, Mombasa, Kisumu na Nakuru. Sensa ya 2009 ilihesabu wakazi 289,380. Ile ya 2019 ikapata 475,716. Ongezeko hilo huonekana mapema kwenye madaftari ya shule za msingi, hasa zile zinazopakana na mitaa yenye msongamano kama vile Langas na Huruma.

Historia ya uandikishaji wa sasa huanzia Januari 2003, serikali ya Mwai Kibaki ilipofuta karo katika shule za msingi za umma. Kote nchini, idadi ya wanafunzi ilipanda kutoka takriban milioni 5.9 mwaka 2002 hadi milioni 7.2. Eldoret ulipata sifa ya kipekee: mnamo Januari 12, 2004, Kimani Maruge, mzee wa miaka 84 aliyepigania uhuru, alijiunga na darasa la kwanza katika shule ya Kapkenduiywo. Wengi humkumbuka kwa umri wake, ilhali kisa chake kilionyesha pia jinsi karo ilivyokuwa imewafungia nje watu wa vizazi vingi. Ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007 zilimfurusha Maruge pamoja na maelfu ya wakazi, zikavuruga hesabu ya wanafunzi katika eneo hilo zima. Alifariki mwaka 2009.

Kusajiliwa si suala la kuandikwa jina tu. Serikali hutuma fedha shuleni kwa kuzingatia idadi ya wanafunzi: mgao wa shule za msingi ulianza kwa Sh1,020 kwa kila mtoto kwa mwaka, ukapandishwa baadaye hadi Sh1,420. Mfumo wa kidijitali wa NEMIS ulipoanza kutumika, cheti cha kuzaliwa kikawa sharti la kuingizwa humo. Mtoto asiye nacho angeweza kukaa darasani, kushiriki vitabu na chaki za wenzake, lakini mgao wake haukufika. Katika mji unaopokea wahamiaji kila mwaka, wakiwemo vibarua na wapangaji wanaohamahama, hasara hiyo si ndogo, na huangukia shule zilezile zilizofurika. Kwa upande mwingine, majina hewa huvutia fedha zisizostahili, ndiposa serikali ikaagiza uhakiki wa idadi ya wanafunzi mwaka 2025.

Majukumu yenyewe yamegawanyika. Elimu ya chekechea imo mikononi mwa kaunti. Shule za msingi ni za serikali kuu, nao walimu huajiriwa na Tume ya Huduma kwa Walimu (TSC). Kwa hivyo kaunti ikijenga madarasa mapya ya chekechea, watoto hao huhitaji nafasi ya Gredi ya 1 miaka miwili baadaye, katika shule ambayo si jukumu la kaunti kuipanua.

Tangu Januari 2023, sekondari ya msingi, yaani Gredi ya 7 hadi ya 9, imewekwa ndani ya shule za msingi. Mgao wake uliwekwa kuwa Sh15,042 kwa mwanafunzi. Darasa la nane liliondoka, Gredi ya 9 ikaingia mwaka 2025, na shule iliyojengewa madarasa manane ikabaki na tisa ya kuhifadhi katika uwanja uleule.