Babu Yako Alizaliwa Wapi?

Tukiongea kuhusu Wahindi kufukuzwa Afrika Mashariki, sote hukimbilia Idi Amin na 1972. Ni rahisi, kwa sababu ile ilikuwa Uganda. Ya kwetu ilianza mapema zaidi, haikuwa na jenerali wa kupayuka redioni, na ilifanywa kwa fomu.

Tuanze Desemba 12, 1963. Katiba ya uhuru ilimpa uraia papo hapo mtu aliyezaliwa Kenya, mradi mzazi wake mmoja naye alizaliwa hapa. Kama ulizaliwa Kisumu lakini baba na mama walishuka melini kutoka Gujarat, hukupita mlango huo. Ulipewa miaka miwili uombe kusajiliwa, na ukikubaliwa uachane na uraia wa Uingereza. Sensa ya 1962 ilikuwa imehesabu Waasia takriban 177,000, na wengi waliotakiwa kuomba hawakuomba. Kuna watu huita huo ukosefu wa uzalendo. Mimi naona ni hesabu ya mtu mwenye duka na watoto, ambaye hajui serikali mpya itamtazama vipi.

Sasa hapa kuna kitu kidogo ambacho nakipenda sana, ingawa kiliumiza watu. Sheria ya Uingereza ya 1962 iliwawekea vizuizi watu wa makoloni, lakini haikumgusa mwenye pasipoti iliyotolewa na serikali ya London. Kabla ya uhuru, pasipoti za Nairobi zilitolewa na Gavana, kwa hivyo hazikuhesabika. Gavana alipofunga virago, kazi hiyo ikaenda kwa ubalozi wa Uingereza, uliotoa pasipoti kwa niaba ya London yenyewe. Yaani uhuru wa Kenya ndio uliompa fundi cherehani wa Ngara haki ya kuingia Uingereza. Hakuna aliyepanga hivyo.

Mwaka wa 1967 Bunge letu likapitisha sheria mbili. Moja ilimtaka asiye raia awe na kibali cha kazi, na nyingine ikambana ni wapi afanye biashara na auze nini. Basi watu wakaanza kununua tiketi. Kufikia Februari 1968 ndege zilikuwa zinajaa, na kule London magazeti na wanasiasa walishapandwa na joto. James Callaghan, waziri wa mambo ya ndani, akapeleka mswada bungeni, na kwa siku tatu hivi ukawa umepita. Machi 1 ikawa sheria.

Swali lake lilikuwa moja: wewe, au mzazi wako, au babu au nyanya yako, mmoja wenu alizaliwa Uingereza? Au alipata uraia kulekule? Kama hakuna, pasipoti unayo lakini mlango umefungwa. Rangi haikutajwa popote. Haikuhitajika. Mjukuu wa setla wa Naivasha angejibu ndiyo bila kufikiri, na mjukuu wa fundi wa reli angejibu nini? Swali hilo halijafa, by the way. Hadi leo Mkenya ambaye babu au nyanya yake alizaliwa Uingereza anaweza kuomba viza ya kwenda kuishi na kufanya kazi huko kwa sababu hiyo tu.

Wengine waliopanda ndege bila ruhusa walirushwa kutoka uwanja mmoja hadi mwingine, hakuna nchi inayotaka kuwapokea. Waliobaki walipewa foleni: vocha 1,500 kwa mwaka, kwa wakuu wa kaya. Mkuu wa kaya akipata, mke na watoto wanaomtegemea wanamfuata. Mwanamke aliyeolewa kwa kawaida hakuhesabiwa kuwa mkuu wa kitu chochote, hata kama pasipoti ya Uingereza ilikuwa yake na mume hana. Mpango huo ulifungwa 2002. Mwaka wa 1973 Tume ya Ulaya ya Haki za Binadamu ilikuwa imesema kwamba kubaguliwa hivyo kwa rangi ni kudhalilishwa. Ripoti yenyewe haikuwekwa wazi hadi 1994.

Ningependa kuwacheka Waingereza hapa, lakini katiba yetu ya 1963 nayo ilikuwa na swali lake: baba yako ni nani? Mtoto aliyezaliwa nje alikuwa Mkenya kama baba ni Mkenya. Mama hakutosha. Mwanamume angemwoa mgeni na mke akasajiliwa. Mwanamke akiolewa na mgeni, mume alibaki mgeni.

Tanti yangu, mdogo wake mathe, aliolewa Kampala na akamzaa binamu yangu huko 1994. Ndoa ilipovunjika alirudi Nairobi na mtoto mwenye pasi ya mgeni. Mtoto wa Umoja, anayeongea Sheng kutuliko, na kila mara tanti anabeba karatasi kwenda kumwombea muda zaidi wa kuishi na mamake.

Kifungu cha 14 cha Katiba ya 2010 kinasema mama au baba, yeyote kati yao, na kinawahusu hata waliozaliwa kabla yake. Binamu alikuwa na miaka 16. Sasa ana kitambulisho, ana mke kutoka Gulu, na ni yeye anayehesabu. Kifungu cha 15 kinataka ndoa ifikishe miaka saba kabla mke kuomba uraia, na mume vilevile siku hizi. Walioana 2021.